Walter Payton hakufa kwa kukosa ini

Tarehe 2 Februari 1999 Walter Payton aliwaambia waandishi wa habari wa Chicago kwamba ini lake limeharibika na anahitaji kupandikizwa jingine. Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani, huyu ndiye mkimbiaji wa Chicago Bears wa kuanzia 1975 hadi 1987. Katika misimu hiyo 13 alikosa mechi moja tu, na alistaafu akiwa na yadi 16,726 za kukimbia na mpira mkononi, rekodi iliyodumu hadi 2002. Mwili wa namna hiyo ulikuwa umekonda hadi watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono ndiyo iliyomtoa hadharani. Aliutaja ugonjwa wake: makovu kwenye mirija ya nyongo, ambayo madaktari huyaita kwa kifupi PSC. Alikiri kwamba anaogopa, na machozi yalimtoka. Miezi tisa baadaye, tarehe 1 Novemba, alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na ushei.

Hadithi iliyobaki vichwani mwa watu ni nyepesi: alisubiri ini, ini halikupatikana, akafa. Hadithi hiyo ilikuwa na faida yake, maana iliwafanya watu wengi wa jimbo la Illinois wajiandikishe kuchangia viungo. Lakini sivyo alivyokufa.

Siku ile ile ya kifo chake, daktari wake wa hospitali ya Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, Greg Gores, alieleza jambo ambalo familia ilikuwa imelitunza faraghani. Walipoendelea kumpima baada ya tangazo la Februari, madaktari walikuta saratani kwenye mirija ya nyongo. Ilikuwa imekomaa na inakwenda kasi. Alipewa dawa za saratani na mionzi kujaribu kuizuia, lakini ilikuwa imeshavuka ini na kufika sehemu nyingine, kwa hiyo upandikizaji haukuwa tena na maana. Kwa lugha ya kitabibu, hata kama ini lingeletwa mlangoni siku ile, asingepewa. Na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ni mgumu kumweleza mgonjwa na mgumu zaidi kuwaeleza mashabiki.

Ili kuona kwa nini, tuanze na mabomba yenyewe. Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hukusanywa na vijimrija vidogo vilivyotapakaa ndani ya ini, ambavyo huungana na kuungana hadi kubaki mirija miwili, wa kulia na wa kushoto. Hiyo nayo hukutana kwenye lango la ini na kuwa mrija mmoja unaoshuka, ukipita kwenye kichwa cha kongosho, hadi utumbo mwembamba. Saratani inaweza kuota popote katika njia hiyo. Ikiota ndani kabisa ya ini, hukua kimya na mara nyingi huonekana kama uvimbe wa ini. Ikiota chini, karibu na kongosho, hufanana na saratani ya kongosho na hupasuliwa kwa namna ile ile. Inayopatikana zaidi, karibu nusu ya wagonjwa wote au kuzidi, ni ile ya langoni, pale mirija miwili inapokutana. Daktari Gerald Klatskin wa Chuo Kikuu cha Yale aliieleza mwaka 1965 kupitia wagonjwa 13, na hadi leo madaktari wengi wanaiita kwa jina lake.

Eneo la langoni ndilo baya kuliko yote kwa daktari mpasuaji. Mshipa mkuu unaoleta damu kutoka matumboni upo hapo hapo, na mshipa wa ateri upo hapo hapo. Uvimbe wa sentimita mbili tu unaweza kuwa umekumbatia vyote. Na hauna tabia ya kukaa pamoja kama donge: hutambaa ndani ya ukuta wa mrija, chini ya ngozi ya ndani, ukivuka hata kile kinachoonekana kwenye picha.

Sasa ongeza PSC. Huu ni ugonjwa ambao mirija ya nyongo huvimba na kupata makovu bila chanzo kinachojulikana, ndani na nje ya ini. Huwapata zaidi wanaume, mara nyingi karibu na umri wa miaka 40, na wengi wao, wanaokadiriwa kufika asilimia 70 katika nchi za Magharibi, wana vidonda sugu vya utumbo mpana pia. Mahali penye kovu pananywea, nyuma yake panatanuka, halafu pananywea tena. Ukiutazama mrija kwenye picha, unaona shanga zilizotungwa kwenye uzi. Nyongo inakwama, bakteria wanaingia, homa zinakuja na kuondoka, na baada ya miaka ini lote linakuwa gumu.

Mtu mwenye PSC ana uwezekano wa kati ya asilimia 10 na 20 wa kupata saratani ya mirija ya nyongo katika maisha yake. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana, na ndilo linalokigusa kisa hiki, ni wakati gani inapatikana. Kwa theluthi moja ya wagonjwa hao, na katika taarifa nyingine karibu nusu, saratani hugunduliwa ndani ya mwaka wa kwanza tangu PSC yenyewe itambuliwe. Si kwamba kovu limegeuka saratani kwa miezi michache. Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba mtu ameishi na PSC kimyakimya kwa miaka, na kilichomfanya akonde na kugeuka manjano hadi akaenda hospitali ni saratani iliyokwisha kuanza. Ratiba ya Payton inaingia humo bila kulazimisha: Februari PSC ilitangazwa, na kabla mwaka haujaisha saratani ilikuwa imeonekana, imesambaa, imeua.

Kwa hiyo swali la kitabibu la kisa hiki halikuwa lini ini litapatikana. Lilikuwa: katika mirija iliyojaa sehemu zilizobana, ni ipi iliyobanwa na kovu na ipi iliyobanwa na saratani?

Picha peke yake hazijibu. Altrasaundi huonyesha mirija iliyotanuka, basi. Skani ya CT inaonyesha mishipa na matezi ya limfu vizuri, lakini uvimbe unaotambaa ukutani unaweza kuipita. MRI ya mirija ya nyongo, ambayo miaka ya tisini ndiyo ilikuwa inaingia kwenye matumizi, inachora mti mzima wa mirija bila kuingiza chombo chochote ndani yake, na ndiyo ya kuanzia leo. Inamwonyesha daktari sehemu moja iliyobana kuliko nyingine, labda na ukuta mnene unaonyonya dawa ya rangi. Inamtia shaka. Uthibitisho ni kazi nyingine.

Uthibitisho unatafutwa kwa endoskopia. Mgonjwa analazwa kifudifudi kwenye meza ya eksirei, anapewa dawa ya usingizi, na mpira mrefu wenye kamera pembeni unapitishwa mdomoni, tumboni, hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo daktari anatafuta kijichuchu ambacho tundu lake ni la milimita chache tu. Anapenyeza waya laini, anapandisha rangi, na mirija inajichora kwenye skrini. Akifika mahali palipobana anapitisha kibrashi chenye nyuzi fupi, anasugua mbele na nyuma mara kadhaa, anakitoa, anakata ncha na kuidondosha kwenye kichupa cha dawa kinachokwenda maabara. Ukiona kazi hiyo inavyofanywa kwa ustadi unatarajia jibu la uhakika. Kumbe kwa wagonjwa wa PSC ambao kweli wana saratani, brashi huinasa kwa chini ya nusu yao. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumuisha tafiti kadhaa uliweka kiwango hicho kwenye asilimia 43. Sababu ni kwamba uvimbe huu una nyuzinyuzi nyingi za kovu na seli chache za saratani, na seli zenyewe zimejificha chini ya ngozi ya ndani ambapo brashi haifiki. Brashi ikisema ipo, iamini. Ikisema haipo, usilale.

Mayo Clinic yenyewe, Gores akiwa mmoja wa watafiti wake, ilifanya kazi kubwa ya kuongezea nguvu brashi hiyo kwa kipimo cha FISH, kinachozipaka rangi kromosomu za seli zilizosuguliwa ili kuona kama idadi yake imevurugika. Siku hizi kuna pia kamera nyembamba inayoingia ndani ya mrija wenyewe na kijikoleo cha kuchukua kinyama mahali daktari anapopaona kwa macho.

Kuna pia kipimo cha damu cha CA 19-9, kemikali ambayo mara nyingi hupanda penye saratani hii, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kinawahusu wasomaji wa huku kuliko wanavyodhani. Kwa wenye PSC, utafiti wa mwaka 2005 uliona kwamba kiwango kinachozidi 129 kinatia shaka kubwa. Tatizo la kwanza ni kwamba nyongo ikikwama tu, au mirija ikiwa na maambukizi, namba hupanda hata bila saratani. Ndiyo maana hupimwa tena baada ya mrija kuzibuliwa. Tatizo la pili ni la kurithi: wapo watu ambao miili yao haina kimeng'enya cha kutengeneza CA 19-9, wale wasio na antijeni za damu za Lewis. Kwao namba hubaki chini hata saratani ikiwa imeenea. Miongoni mwa Wazungu ni asilimia 5 hadi 10. Miongoni mwa Wamarekani weusi ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Payton alikuwa Mmarekani mweusi. Kwa mgonjwa Mwafrika, karatasi ya CA 19-9 yenye namba ya kawaida isichukuliwe kuwa cheti cha usalama.

Njia moja inayoonekana rahisi imepigwa marufuku kwa anayefikiriwa kupandikizwa: kuchoma sindano kupitia tumboni au ukuta wa utumbo hadi kwenye uvimbe. Sindano inaweza kuburuta seli na kuzipanda kwenye utando wa tumbo. Taarifa ya Mayo ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 6 waliothibitishwa saratani kwa sindano hiyo, 5 walikutwa imesambaa tumboni walipofunguliwa. Wagonjwa ni wachache, ndiyo, lakini hakuna kituo kikubwa kinachotaka kuirudia hesabu hiyo.

Sasa lile swali la mashabiki: je, Payton angepata ini mwezi Machi?

Kwa vigezo vya miaka ile, ini lililowekwa kwa mtu mwenye saratani ya mirija lilikuwa karibu na kupotea. Rejesta ya saratani za waliopandikizwa viungo ya Cincinnati, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2000 ilikusanya wagonjwa 207 wa saratani hii waliopandikizwa. Kwa nusu yao saratani ilirudi, na waliokuwa hai baada ya miaka mitano hawakufika theluthi. Anayepandikizwa hupewa dawa za kuishusha kinga ya mwili ili lisikataliwe ini jipya, na seli za saratani zilizobaki hustawi humo humo. Ini jipya mwezi Machi, ikiwa saratani ilikuwa tayari kwenye matezi, huenda lingempunguzia siku badala ya kumwongezea. Vituo vingi viliiweka saratani hii kwenye orodha ya wasiopandikizwa, na havikufanya hivyo kwa ukatili.

Lakini hospitali ile ile aliyotibiwa ilikuwa na mpango mwingine tangu mwaka 1993. Waliwachagua wenye saratani ya langoni isiyoweza kukatwa, au iliyoota juu ya PSC, ikiwa uvimbe hauzidi sentimita tatu na haujasambaa. Kwanza mionzi ya nje pamoja na dawa ya saratani, kisha mionzi ya karibu inayowekwa ndani ya mrija wenyewe, kisha vidonge vya kuendelea huku akisubiri. Kabla ya kupandikizwa anafunguliwa tumbo, na matezi ya lango la ini yanachukuliwa na kupimwa. Likikutwa tezi moja tu lenye saratani, anafungwa na kuondolewa kwenye orodha. Hatua hiyo ndiyo moyo wa mpango mzima, na ndiyo inayouma. Mwaka 2012 vituo 12 vya Marekani vilikusanya wagonjwa wao 287 walioanza tiba hiyo, na kwa wale waliofika kupandikizwa, asilimia 65 walikadiriwa kuwa hai bila saratani kurudi baada ya miaka mitano. Kwa ugonjwa huu, hizo ni namba ambazo miaka ya themanini hakuna aliyeziota.

Payton alikuwa mahali ambapo tiba hiyo inafanyika, mikononi mwa watu walioibuni, akiwa na ugonjwa wa msingi ambao tiba hiyo ilibuniwa kwa ajili yake. Kilichomkosesha ni kwamba saratani ilikuwa imeshatoka nje. Pesa na umaarufu havikuwa na la kufanya hapo, na foleni ya ini vilevile.

Kwa nini wasimkate tu sehemu yenye uvimbe? Kwa mgonjwa mwenye ini zima, hiyo ndiyo tiba ya kwanza: kuondoa mrija ulioathirika, nusu ya ini iliyo upande huo, matezi ya karibu, na kuunganisha utumbo moja kwa moja kwenye mrija uliobaki. Kwa mwenye PSC, nusu utakayoiacha nayo ni mgonjwa. Haina akiba ya kumbeba, na mirija yake inaweza kuzaa saratani nyingine.

Ambaye hafai kukatwa wala kupandikizwa, leo hupewa zaidi ya alichopata Payton. Mwaka 2010 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 410 ulionyesha kwamba dawa mbili za saratani, jemsitabini pamoja na sisplatini, hurefusha wastani wa kuishi hadi miezi 11.7, kutoka 8.1 kwa jemsitabini pekee. Tangu 2022 huongezwa dawa ya kuamsha kinga, durvalumabu, na faida yake kwa wastani ni ya mwezi mmoja na kitu, ingawa wachache huenda mbali zaidi. Uvimbe hupimwa pia vinasaba, kwa kuwa vidonge vya pemigatinibu na ivosidenibu huwafaa wenye mabadiliko fulani, wengi wao wakiwa na saratani ya ndani ya ini. Bei zake sitazitaja, zinakatisha tamaa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, PSC ni nadra kuandikwa kwenye faili. Linaloonekana kila wiki ni macho ya njano. Na macho ya njano yana njia yake iliyozoeleka: kwanza homa ya ini, kwa sababu hepataitisi B ipo kweli kweli, kisha mitishamba ya manjano kwa wiki kadhaa, kisha hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Mgonjwa anapofika kwa bingwa, mwili unamuwasha hadi hapati usingizi, mkojo umekolea, choo kimepauka. Dalili hizo tatu kwa pamoja zinasema bomba limeziba, na zinasemwa na mgonjwa mwenyewe akiulizwa, bila mashine. Damu ikipimwa, bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo) iliyopanda ni ile iliyokwisha pita kwenye ini, na katika vimeng'enya vya ini, ALP imepanda kuliko ALT. Altrasaundi ya bei ya kawaida itaonyesha mirija iliyotanuka. Ikiwa mirija ya ndani ya ini imetanuka lakini mrija mkuu wa chini na mfuko wa nyongo ni vyembamba, kizuizi kiko langoni. Kama mfuko nao umejaa, tazama chini, kwenye kongosho na mwisho wa mrija.

Kuna kosa moja la mpangilio linalowagharimu wagonjwa, na linatoka kwenye nia njema. Mgonjwa ana manjano sana, kituo kina uwezo wa kuweka stenti, yaani kijibomba cha kushikilia mrija wazi, basi anawekewa siku hiyo hiyo ili apate nafuu. Nafuu anaipata. Ila stenti ikishaingia, mirija iliyotanuka inanywea, ukuta unavimba kwa kuchokonolewa, na picha zitakazopigwa baadaye hazionyeshi tena uvimbe unaanzia wapi na kuishia wapi. Daktari mpasuaji anabaki anabahatisha. Bakteria nao wameshaingizwa kwenye mirija iliyokuwa safi. Mgonjwa asiye na homa wala dalili za maambukizi anaweza kusubiri siku chache apigwe MRI kwanza. Mwenye homa na kutetemeka hasubiri: huyo ni wa kuzibuliwa haraka, kwa endoskopia au kwa mrija unaopitishwa kwenye ngozi, na kupewa antibiotiki. Wote wawili wapimwe kuganda kwa damu kabla ya kuguswa, kwa kuwa nyongo isipofika utumboni vitamini K haifyonzwi, na sindano ya vitamini K ni ya bei ndogo.

Kwa familia inayoandaa rufaa, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi au India ambako wagonjwa wetu wengi wa ini huishia, ulizeni maswali haya kabla ya safari. MRI imepigwa kabla ya stenti au baada? CD ya picha ipo, au ni maelezo ya karatasi tu? Kuna mtu amechoma sindano kwenye uvimbe? Kipimo cha damu cha IgG4, aina ya kingamwili, kimefanywa? Hicho cha mwisho kina maana yake, kwa sababu kuna uvimbe wa kinga unaobana mirija ukafanana kabisa na saratani, nao huyeyuka kwa vidonge vya steroidi. Na kama ni stenti ya plastiki, andikeni tarehe iliyowekwa, kwa kuwa kwa kawaida hubadilishwa baada ya miezi mitatu hivi. Homa ikianza kabla ya hapo, ichukulieni kwamba imeziba na mrudi hospitali usiku huo huo.